Maji hupaa, rutuba hubaki: kwa nini Ziwa Victoria linazidi kuwa kijani

Bandika sufuria ya maji ya chumvi jikoni, uiache ichemke mpaka maji yabaki robo. Ukiyaonja utakuta chumvi imekolea, kwa sababu mvuke uliopaa ulikuwa maji matupu. Ziwa Victoria ni sufuria ya namna hiyo, yenye kilomita za mraba 68,800, na jiko lake ni jua la ikweta. Mkazi wa Mwanza anayejiuliza kwa nini maji ya Kirumba yamekuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika, kwa nini sangara wamekutwa wamekufa wakielea alfajiri, au kwa nini magugu maji yameziba mwalo, aanzie hapo. Maji yana njia pana ya kutoka ziwani. Vilivyomo ndani ya maji havina.

Wengi hudhani ziwa linajazwa na mito. Mito ipo, na Kagera ndio mkubwa kuliko yote. Kwa upande wetu wa Tanzania kuna pia Mara, Grumeti, Mbalageti, Simiyu, Magogo-Moame na Isanga. Lakini ukijumlisha mito ya nchi zote, unapata kama sehemu moja kati ya tano ya maji yanayoingia. Sehemu nne ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kutoka nako ni vivyo hivyo: karibu sehemu nne kati ya tano hupaa kama mvuke, na inayobaki hupitia mlango mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda.

Sehemu kubwa ya mvua hiyo ziwa hujitengenezea. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa baridi huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na hewa ya kutoka kila upande hukimbilia katikati ya ziwa, inakutana, inapanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku na taa, ndio wanaokutana na dhoruba kali zaidi. Upepo wa mashariki husukuma mawingu hayo magharibi, kwa hiyo Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Mwanza hupata kama nusu yake.

Chukua mvua ya milimita 1, ile ambayo kesho yake hakuna anayeikumbuka. Ikinyesha juu ya ziwa zima ni lita bilioni 68.8. Mitambo miwili inayosafisha maji ya jiji la Mwanza, wa Capri Point wenye uwezo wa lita milioni 90 kwa siku na wa Butimba wenye lita milioni 48, ingelazimika kufanya kazi bila kusimama kwa siku 500 hivi ili kuvuta kiasi hicho. Hofu kwamba jiji litalikausha ziwa kwa kunywa haina msingi. Kinacholipandisha na kulishusha ni tofauti ndogo kati ya mvua na mvuke, pamoja na maji yanayoachiwa Jinja, ambako tangu 1954 bwawa la umeme limewapa wanadamu ufunguo wa mlango. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zilipandisha ziwa kama mita 2.5. Mei 2020 lilifika tena kwenye kiwango hicho na kufunika mialo, mashamba na vyoo vya pembezoni. Hivyo vyoo tutavirudia.

Kwa kasi ya kawaida ya Nile, kutoa ujazo wote wa ziwa kwa mlango wa Jinja kungechukua karne moja hivi. Ndoo ya uchafu inayomwagwa leo katika Mto Mirongo, unaopita jijini Mwanza, itakuwa humu wakati wa wajukuu.

Virutubisho viwili vyenye tabia tofauti

Kila kiumbe cha majini, kuanzia mwani usioonekana kwa macho hadi sangara wa kilo 50, kinahitaji naitrojeni na fosforasi. Mwani huzitumia kwa uwiano unaokaribia gramu 7 za naitrojeni kwa gramu 1 ya fosforasi. Ile inayopungua ndiyo inayoamua ukuaji uishie wapi.

Naitrojeni ni msafiri wa angani. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ila mimea mingi haiwezi kuila ikiwa gesi. Baadhi ya bakteria wanaweza kuigeuza kuwa chakula: wale wa kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, choroko na dengu, na wale wa majini wanaoitwa sainobakteria, ambao wengi huwaita mwani wa kijani-bluu. Kuna bakteria wengine wanaofanya kinyume. Kwenye tope lisilo na oksijeni hula naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, na kuirudisha hewani ikiwa gesi. Kwa hiyo naitrojeni ina milango ya kuingia na ya kutoka.

Fosforasi haina mlango wa gesi. Hutoka kwenye mwamba unaomomonyoka taratibu, inaingia kwenye udongo, kwenye mmea, kwenye mfupa wa mnyama, na kurudi udongoni mnyama akifa. Mbolea ya Minjingu inayouzwa madukani ni ushahidi mzuri wa mzunguko huo: mwamba wake ulitokana na kinyesi cha ndege walao samaki, waliokaa kwenye kisiwa cha Ziwa Manyara la kale lilipokuwa kubwa kuliko sasa. Samaki wa zamani anarutubisha mahindi ya leo. Ikishafika ziwani, fosforasi ina njia tatu tu za kuondoka: kwa Nile, kwa samaki wanaovuliwa, au kwa kuzikwa kwenye tope la chini. Gunia la dagaa linalopakiwa kwenye lori pale soko la Mwaloni kwenda Kongo limebeba fosforasi ya ziwa hili ndani ya mifupa midogo ya dagaa. Ni njia ya kweli, ila nyembamba.

Asili yenyewe imekuwa ikileta virutubisho ziwani tangu zamani, tena kwa wingi. Katika Mto Mara, hasa upande wa Kenya, nyumbu zaidi ya 6,000 kwa wastani hufa maji kila mwaka wakati wa kuhama, na mifupa yao huendelea kutoa fosforasi kwa miaka kama 7. Viboko nao hula nyasi nchi kavu usiku na kunya mtoni mchana. Hayo yote yalikuwa na kichujio: maeneo oevu ya mafunjo na matete, kama yale yaliyotanda juu ya daraja la Kirumi. Mafunjo hupunguza kasi ya maji, tope linatua, mizizi inakula virutubisho, na bakteria wa kwenye matope huigeuza naitreti kuwa gesi. Eneo oevu likikaushwa na kugeuzwa jaruba la mpunga, hasara ni mara mbili. Kichujio kimekufa, na tope lililokusanya fosforasi kwa karne nyingi linafunguliwa na kuanza kuondoka na maji.

Ziada inatoka wapi

Lawama nyingi huangukia mifuko ya mbolea. Nadhani hilo ni kosa, na linapotosha juhudi. Mkulima wa Kanda ya Ziwa hutumia mbolea kidogo ya viwandani. Anachopoteza ni udongo. Tani moja ya udongo wa juu kwa kawaida hubeba kama nusu kilo ya fosforasi, wakati mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una kilo 10 hivi. Piga hesabu: udongo wenye unene wa milimita 1.5, sawasawa na sarafu, ukisombwa kwenye hekta moja unakaribia tani 20. Shamba limepoteza fosforasi ya mfuko mzima wa DAP na mwenye shamba hajaona hata korongo. Si yote hiyo inayoweza kuliwa na mwani mara moja, kwa kuwa nyingine imeng'ang'ania kwenye chembe za udongo, lakini ziwa lina muda wa kusubiri. Simiyu inayoingia Magu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imebeba mashamba ya pamba, malisho yaliyochakazwa na njia za ng'ombe.

Njia ya pili huwashangaza wengi: angani. Kwa kuwa maji mengi ya ziwa ni mvua, kinachoelea hewani hushuka nayo. Utafiti uliochapishwa 2005 na Rashid Tamatamah na wenzake ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huja na mvua na vumbi. Nimesema fosforasi haina gesi, na ni kweli. Husafiri ikiwa chembe za vumbi na majivu. Mbuga na mashamba huchomwa moto kati ya Juni na Septemba, ng'ombe hutifua ardhi iliyobaki wazi, upepo unainua, na mvua za vuli zinashusha. Mtu aliye Kwimba au Maswa, ambaye hata haoni ziwa, analichafua kwa kiberiti.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Mtu mmoja kwa mwaka hutoa, kwa mkojo na kinyesi, takriban kilo 4 za naitrojeni na nusu kilo ya fosforasi. Naitrojeni karibu yote na zaidi ya nusu ya fosforasi imo kwenye mkojo. Mwanza ni jiji la miamba. Huko Mabatini, Igogo au Isamilo, shimo la choo likifika mita moja linagonga jiwe. Choo hujaa haraka, gari la majitaka haliwezi kupanda, na mvua kubwa inapoanza baadhi ya kaya hutapisha choo: hutoboa chini na kuacha mvua ibebe. Maji hayo yanateremka Mirongo na kuingia ziwani bila kupita popote pa kuyachuja. Pembezoni mwa ziwa shida ni ya upande wa pili. Maji yakipanda kama 2020, ziwa huja chooni lenyewe.

Kinachotokea ndani ya maji

Gramu 1 ya fosforasi inatosha kuotesha kama gramu 100 za mwani mkavu. Mwani huo ukifa na kuoza, bakteria wanaouozesha hutumia kama gramu 140 za oksijeni. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,134, lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 7 tu za oksijeni. Maana yake gramu hiyo moja ya fosforasi inaweza kumaliza oksijeni yote ya lita 19,000 hadi 20,000 za maji. Na gramu moja ni chini ya kile ambacho mtu mmoja hutoa kwa siku.

Sasa ongeza tabia ya ziwa lenyewe. Kuanzia Septemba hadi Mei hivi, jua hupasha maji ya juu na kuyafanya mepesi, yakaelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo. Tofauti ni ya nyuzi moja au mbili, lakini inatosha kuyatenga. Maji ya chini hayaigusi tena hewa, na kila kinachozama huozea huko. Oksijeni ikiisha, hutokea jambo baya zaidi. Fosforasi nyingi iliyozikwa kwenye tope ilikuwa imefungwa na chuma, na chuma hicho huishika tu pale penye oksijeni. Isipokuwepo, kifungo hufunguka na fosforasi hurudi majini. Juni na Julai upepo mkavu wa kusini mashariki hupoza maji ya juu, ziwa linachanganyika, na fosforasi ya tope inapanda kwenye mwanga. Mlango wa tatu tuliouhesabu kuwa wa kutokea umegeuka wa kuingilia. Hii ndiyo sababu hata uchafu ungekoma leo ziwa lisingesafika mwakani.

Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na ya kina kifupi, kwa hiyo tope lake hutibuliwa na upepo wakati wowote. Dhoruba ikisukuma maji ya chini yasiyo na oksijeni hadi pwani, samaki hufa kwa wingi kwa usiku mmoja. Sangara hutangulia kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Sato huvumilia zaidi. Ukikuta wakubwa wa sangara wanaelea na sato wamepona, dalili ni ya kukosa hewa. Zikifa aina zote, pamoja na kaa na konokono, shuku sumu na utoe taarifa kwa afisa uvuvi. Kwa vyovyote, samaki aliyeokotwa akielea asiliwe wala asikaushwe kuuzwa.

Jack Talling, mtafiti Mwingereza wa maji ya maziwa, alilipima ziwa mwaka 1960 na 1961. Waliopima tena miaka ya 1990 walikuta uzalishaji wa mwani umeongezeka karibu mara mbili, wingi wake mara kadhaa, na aina zimebadilika. Dayatomu, mwani wenye ganda la silika ambao furu (samaki wadogo wa ziwani) na wadudu wa majini waliula vizuri, walikuwa wamepungua kwa sababu silika ilitumika haraka kuliko ilivyoingia. Nafasi yao ilichukuliwa na sainobakteria, ambao naitrojeni ikipungua majini baadhi yao huichota hewani. Kuzuia naitrojeni peke yake kwa hiyo hakutoshi. Fosforasi ndiyo ya kubanwa.

Baadhi ya sainobakteria hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku. Kuchemsha hakuiondoi. Tena kunazidisha, kwani joto hupasua seli na kumwaga sumu majini. Kutia dawa ya klorini kwenye maji ya kijani kabla ya kuyachuja kuna kosa hilohilo. Kipimo cha nyumbani ni hiki: jaza chupa safi maji ya ziwa hadi robo tatu, funga, iweke bila kuitikisa usiku kucha. Kijani kikipanda na kufanya utando juu, ni sainobakteria kwa uwezekano mkubwa. Kikizama, ni mwani mwingine. Kwenye utando usichote, usioge, usinyweshe mifugo. Chota mbali na upande ambao upepo unasukuma povu, au tumia maji ya bomba na ya mvua.

Kinachofanya kazi, na kwa nini kingine hushindwa

Magugu maji yaliingia ziwani karibu na 1990, kupitia Kagera, na yakafika kilele 1998 hivi. Mbawakavu wadogo wa jamii ya Neochetina, walioletwa kuyala, walisaidia kuyaangusha. Watu wengi hutumaini kuyang'oa ni kusafisha ziwa. Asilimia 95 hivi ya gugu ni maji; tani moja mbichi ina robo kilo tu ya fosforasi, ambayo mtu mmoja huitoa kwa nusu mwaka. Yang'olewe ili boti zipite, naam, lakini yasirundikwe ufukweni, maana yakioza mvua hurudisha kila kitu. Yapelekwe shambani yakawe mboji.

Shambani, matuta yafuate kontua, yaani yakate mteremko kwa usawa. Kosa la kawaida ni kuyaelekeza bondeni ili maji yatoke upesi. Kila mfereji unakuwa mto mdogo. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, funga mifereji kwa vijituta kila mita 1 hadi 2 ili maji yazame palepale. Usifanye hivyo kwenye udongo mweusi wa mbuga, mazao yatazama. DAP iwekwe shimoni wakati wa kupanda na kufunikwa udongo kabla ya mbegu. UREA igawanywe mara mbili, mahindi yakiwa ya wiki 3 hadi 4 na tena kabla ya mbelewele, sentimita 10 kutoka shinani, na ifukiwe. Ikiachwa juu, sehemu yake hupaa ikiwa gesi ya amonia. Ikitangulia mvua kubwa, husombwa au kuzama chini ya mizizi.

Wasukuma wana ngitili, eneo la nyasi linalofungwa masika na kufunguliwa kwa ng'ombe wakati wa kiangazi. Sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kubana vumbi, moto na mmomonyoko kwa pamoja, na inauma kuona inavyolimwa na kumalizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa au mto. Mita hizo zina kazi zikiwa na matete na majani mazito. Zikiwa zimefyekwa hazichuji kitu.

Majitaka ya jiji yanayofika kwenye mabwawa ya kuyasafisha hupoteza vimelea na harufu, lakini mabwawa ya aina hiyo huondoa fosforasi kidogo tu. Maji yanayotoka yakimwagilia miti au majani ya ng'ombe ni faida. Yakielekezwa ziwani ni mbolea ya mwani. Mlimani, choo kinachotenganisha mkojo hufaa kuliko shimo. Mkojo hukaa mwezi mmoja kwenye dumu lililofungwa, huchanganywa sehemu 1 kwa 5 za maji, humwagwa kwenye mfereji kando ya mmea na kufukiwa, na huachwa mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Usimwagwe juu ya majani.

Wafugaji wa sato kwenye vizimba wapime chakula. Kilo 1,500 za chakula, zinazotosha tani moja ya samaki chini ya usimamizi mzuri, zina kama kilo 15 za fosforasi, na zaidi ya nusu huishia majini. Punje zinazozama bila kuliwa ni hasara ya fedha na ya ziwa kwa wakati mmoja. Kizimba kiwe pale penye mkondo na kina cha kutosha chini ya wavu.

Kikundi chochote cha mwalo kinaweza kufuatilia hali kwa sahani ya kipenyo cha sentimita 20, iliyogawanywa robo nne na kupakwa nyeupe na nyeusi kwa kupishana. Itobolewe katikati, ifungwe kamba yenye alama kila sentimita 10 na jiwe chini yake. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, upande wa kivuli wa mtumbwi, ishushe mpaka ipotee, ivute mpaka ionekane, uchukue wastani wa vina viwili. Mwanzoni mwa karne iliyopita ingeonekana hadi zaidi ya mita 5 mbali na pwani. Ghubani siku hizi mara nyingi haifiki mita 1.5. Andika kina, tarehe, mahali palepale kila mara, na kama jana kulikuwa na mvua au upepo, kwa sababu maji yaliyofifia kwa tope huwa ya kahawia na kusafika baada ya siku chache, ilhali yaliyofifia kwa mwani hubaki kijani hata siku ya utulivu.